Kocha anasema barabara, shemeji anasema vyuma: goti langu limsikilize nani?

Mwalimu,

Salamu kutoka Busia, upande huu wa Uganda. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nauza sabuni na mafuta ya kupikia kwa jumla, hatua chache tu kutoka geti la mpaka. Nilianza kukimbia miaka miwili iliyopita kwa sababu ya presha. Daktari alinitisha. Sasa presha imeshuka, lakini mbio zimekataa kuniacha. Mwaka jana nilimaliza kilomita 21 Kampala, mwaka huu nimejiandikisha 42. Mbio ni Novemba, zimebaki wiki 11.

Kikundi chetu tuko kumi na wawili. Tunakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri na kushika barabara ya Majanji kabla malori hayajaamka. Huku kwetu ni tambarare, kwa hiyo mwezi uliopita kocha akasema twende Sipi tukaonje mlima. Kupanda tulipanda vizuri. Kurudi tuliteremka kilomita 9 kwa mbio, watu wanacheka, upepo unatusukuma mgongoni, nikajiona Cheptegei, yule bingwa wetu wa mbio ndefu. Kesho yake nilishuka ngazi za duka langu kinyumenyume, mkono ukutani, wateja wananiangalia. Maumivu ya misuli yaliisha siku ya nne, lakini goti la kulia likabaki na jambo lake. Linauma mbele, kuzunguka pia ya goti, nikishuka ngazi au nikikaa muda mrefu kwenye teksi ya kwenda Tororo. Nikikimbia, linaanza kunong'ona kilomita ya 7. Nikifika 15 linasema kwa sauti.

Hapo ushauri ukaanza kuniangukia. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana jimu hapa mjini: paa la mabati, kioo kimoja chenye ufa, na vyuma vya makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Akasema goti linauma kwa sababu mapaja ni dhaifu, niende kila siku. Nikaenda Jumamosi. Alinipa chuma mabegani nikachuchumaa mara 15, seti tano, yeye anahesabu na kupiga makofi. Jumapili ilikuwa siku ya mbio ndefu, kilomita 24. Nilifika ya 11, nikasimamisha boda. Kurudi mjini juu ya boda na jezi ya mbio, mchana kweupe, Mwalimu, hiyo aibu sijaimaliza.

Kocha aliposikia alikasirika. Alikimbia enzi zake na sote tunamheshimu. Anasema miguu hujengwa barabarani, vyuma ni vya wacheza raga na mabaunsa, na "Cheptegei alinyanyua saruji ya nani?" Anataka nitoke kilomita 40 kwa wiki niende 60 ili goti lizoee. Mume wangu naye, ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi basi, anasema nikiendelea na jimu nitaota mabega ya askari. Na mimi najiuliza: kutwa nzima nabeba katoni za sabuni. Hiyo si nguvu tayari?

Basi niambie. Nahitaji vyuma au sihitaji? Kama nahitaji, mara ngapi na kwa namna gani? Nitakuwa mzito? Shemeji anataka shilingi 80,000 kwa mwezi, na hiyo anaita bei ya ndugu.

Mama Mbio, Busia

*

Mama Mbio,

Nianze na boda, maana naona imekuuma kuliko goti. Mimi mwenyewe nimewahi kurudishwa mjini kwenye pikapu ya makaa, nimekaa juu ya magunia, namba ya mashindano bado kifuani, uso mweusi kwa vumbi la makaa. Aliyesimama akapanda boda ametumia akili. Aliyeendelea hadi 24 ndiye huwa ananiandikia mwezi unaofuata akiwa na magongo.

Sasa goti. Maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti, yanayozidi ukishuka ngazi au ukikaa na goti limekunjwa, ni malalamiko ya kawaida sana kwa wakimbiaji. Mara nyingi hayana maana kwamba kitu kimekatika. Goti limepewa mzigo ambao halikuuzoea, kwa ghafla. Na wewe ulilipa mizigo mitatu. Ukiteremka mlima, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavutika huku inazuia, na hiyo ndiyo kazi inayoumiza misuli kuliko zote. Barabara ya Majanji haikuwahi kukudai breki. Sipi ilikudai kilomita 9 za breki kwa siku moja. Kabla goti halijatulia, shemeji akakuchuchumisha mara 75. Kabla ya saa 24 kwisha, ukataka kukimbia 24. Ndiyo maana simkubalii shemeji anaposema shida ni mapaja dhaifu. Hata mapaja ya mbogo yangelalamika.

Kuna dalili ambazo zikikupata, usisubiri safu hii: goti likivimba, likikwama, likikuachia ghafla ukiwa umesimama, au likikuamsha usiku. Na kama siku moja utapata maumivu ya mfupa, mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, kwenye muundi au unyayo au karibu na nyonga, acha kukimbia siku hiyohiyo uende hospitali, kwa sababu mfupa unaweza kuwa unaanza kupasuka. Niongeze la wanawake, nalisema wazi kwa kuwa makocha wengi wanaume hulimeza: hedhi ikipotea miezi miwili au mitatu na huna mimba, huenda unakimbia kuliko unavyokula, na mifupa ndiyo hulipa. Hilo nalo ni la daktari.

Nije kwa kocha. Ana haki kwenye nusu ya maneno yake. Hakuna chuma duniani kitakachokupa kilomita ambazo hukukimbia, na mtu mwenye nafasi ya siku tatu tu kwa wiki azitumie barabarani kwanza. Lakini kupeleka goti linalouma kutoka 40 hadi 60 "ili lizoee", hapana. Mwambie kwa heshima, ikibidi msomee barua hii.

Na hiyo hoja ya Cheptegei nimeisikia kila mahali, tangu Mbale hadi Mbarara, tuimalize leo. Mtoto wa Kapchorwa, kule mlimani anakotoka Cheptegei, ameteremka kwenda shule na kupanda kurudi nyumbani miaka yake yote, tena mara nyingi na dumu la maji au mzigo wa kuni. Hayo ni mazoezi ya nguvu, ila hayana kioo wala ada ya mwezi. Wewe ulianza mbio na miaka 34, kwenye tambarare. Kuiga kilomita za mtu wa mlimani bila kuwa na mlima wake wa utotoni ni kuiga nusu ya habari. Tena Cheptegei huyohuyo ana funzo lingine. Valencia, Oktoba 2020, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, rekodi ya dunia. Akarudi Valencia Desemba 2023 kwa marathoni yake ya kwanza, akamaliza wa 37 kwa saa 2:08:59. Miezi minane baadaye, Paris, alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000. Sisemi vyuma vingemsaidia kule Valencia. Nasema kilomita 42 zina maswali yake, na mapafu peke yake hayayajibu.

Kocha akitaka jina la Mganda aliyejibebesha uzito, mpe la John Akii-Bua, askari polisi aliyetupatia dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki, Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Huyo alikuwa akifanya mazoezi amevaa fulana yenye uzito. Mbio zake na zako ni tofauti kama mbuzi na ng'ombe, najua, lakini angalau tuache kusema uzito si desturi ya mkimbiaji wa Uganda.

Sasa katoni zako. Swali zuri kuliko yote uliyouliza. Katoni ya leo ina uzito uleule wa katoni ya miaka mitano iliyopita, na mwili ukishazoea mzigo hauongezi nguvu tena, unabeba tu. Pili, unaibeba umesimama kwa miguu miwili. Kukimbia hakuna miguu miwili. Ni kuruka kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na kila unapotua ardhi inakusukuma kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ukiwa na kilo 65, hiyo ni kilo 130 na zaidi juu ya mguu mmoja. Ule msuli wa ndani wa shavu la mguu, chini karibu na kano ya kisigino, hubeba mara sita hadi nane ya uzito wa mwili. Ukimaliza 42 kwa saa nne na nusu utakuwa umepiga hatua zaidi ya elfu 40. Mwanzoni unatua umenyooka. Kilomita ya 32 nyonga inaanza kudondoka upande, goti linaingia ndani, unakimbia kama mtu mwenye kiatu kilichofunguka kamba. Vyuma vinaingia hapo. Kazi yao ni kuchelewesha huko kudondoka.

Kingine ni kano. Umewahi kushika manati ya mtoto ambayo mpira wake umechoka? Unavuta sana, jiwe linakwenda karibu. Mpira mpya unavuta kidogo, jiwe linaruka. Mazoezi mazito hukaza kano, mguu ukarudisha nguvu ya kutua badala ya kuimeza. Wakimbiaji waliofanya hivyo kwa wiki nane hadi kumi na mbili huweza kwenda mwendo uleule kwa oksijeni pungufu kidogo. Ni asilimia chache, lakini asilimia chache za saa nne na nusu ni dakika kadhaa. Kuhusu majeraha nisikudanganye: vyuma si hirizi. Wapo wanaonyanyua vizuri na bado wanaumia kwa sababu wameongeza kilomita kwa pupa.

Kosa la shemeji ni hesabu yake. Mara 15, seti tano, kila siku, ni njia ya kumnenepesha mtu misuli na kumchosha. Uvumilivu wa kurudia rudia unaupata barabarani bure, huna haja ya kuulipia. Unachokikosa ni nguvu yenyewe: uzito unaokufanya ufikirie, mara 6 hadi 8, kisha unapumzika dakika mbili nzima. Ndiyo, umekaa tu, watu wanadhani umechoka. Waache. Acha kila seti ukiwa bado na marudio mawili mwilini. Wiki za mwanzo nguvu itapanda bila misuli kunenepa, maana ubongo unajifunza kuita nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Kwa hiyo mume wako atulie. Mabega ya askari hutafutwa kwa miaka, kwa sahani mbili za posho (ugali) na saa nyingi za jimu, na hayaji kwa bahati mbaya kwa mama anayekimbia kilomita 40.

Siku ni mbili kwa wiki, dakika 35 zinatosha. Jumanne na Alhamisi jioni. Kama asubuhi ya Jumanne mlikimbia kwa kasi, vizuri zaidi: siku ngumu iwe ngumu, ili siku nyepesi ibaki nyepesi kweli. Jumamosi usiguse kitu. Misuli iliyofanyishwa kazi mpya huuma zaidi siku ya kwanza hadi ya tatu, na Jumapili yako ndiyo inayoangukia hapo.

Zoezi la kwanza ni zile ngazi za duka ulizoshuka kinyumenyume. Simama kwenye ngazi ya chini kabisa kwa mguu mmoja, shusha mguu mwingine polepole kwa hesabu ya tatu mpaka kisigino kiguse sakafu kama unagusa yai, kisha panda. Tazama goti: lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiangukie ndani. Hili ndilo breki uliyoikosa Sipi, na ndilo ningekuachia kama ningekuachia moja tu. Linaweza kuuma kidogo. Kipimo changu ni hiki: kati ya sifuri na kumi, mpaka tatu ruksa, mradi kesho asubuhi goti limerudi lilivyokuwa. Likizidi, tafuta ngazi fupi zaidi, au hata tofali.

La pili ni visigino, papo hapo kwenye ngazi, mguu mmoja, mkono ukutani, panda juu kabisa na ushuke polepole. Seti moja goti limenyooka, nyingine goti limekunjwa kidogo, kwa sababu ule msuli wa ndani niliousema hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Ukiweza mara 20 bila kuhema, shika jerikeni kwa mkono mwingine. La tatu ni kuinua mzigo kutoka chini: jerikeni mbili pembeni, makalio nyuma, mgongo umenyooka, unasimama nazo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo jerikeni yako ya lita 20 ya mafuta ina kama kilo 18, ya maji ni 20, na ukiijaza mchanga mkavu inafika karibu 30. Una jimu dukani na hukujua. La nne ni kuchuchumaa mpaka makalio yaguse stuli, katoni imekumbatiwa kifuani. Basi. Ukitaka kuongeza planki ongeza, haidhuru, ila watu huipenda kwa sababu ni ya kulala chini.

Wiki mbili za kwanza fanya seti mbili za mara 10, nyepesi, hata uone nimekudharau. Kuanzia ya tatu panda hadi seti tatu za 6 hadi 8, na ukimaliza 8 bila kutetemeka, ongeza kilo. Goti likishatulia, chukua kamba ya watoto uruke dakika chache kabla ya mazoezi, hiyo ndiyo inayofundisha mguu kuruka upesi kutoka ardhini. Zikibaki wiki mbili kabla ya Kampala, fanya siku moja tu kwa nusu ya seti, na siku kumi za mwisho usinyanyue kizito chochote, katoni za dukani apewe kijana.

Kukimbia nako kunabadilika. Wiki mbili hizi shuka hadi kilomita 25 au 28 kwa wiki, kilomita sita kila unapotoka, usisubiri goti liseme kwa sauti. Fupisha hatua kidogo, miguu iende haraka zaidi kwa mwendo uleule; hiyo peke yake hupunguza mzigo wa goti. Halafu ongeza kilomita tatu au nne kwa wiki. Ukifika wiki ya tano na 18 zinapita kwa utulivu, 42 bado ipo. Zisipopita, kimbia 21 ukiwa mzima, Kampala haihami. Na kama ni 42, jua kwamba milima ya Kampala ina miteremko pia, kwa hiyo mara mbili tatu kabla ya siku yenyewe nenda mahali penye mteremko mfupi uushuke taratibu. Safari hii kilomita moja. Siyo tisa.

Chakula sitakihubiri sana. Ukimaliza mazoezi kula kitu chenye kujenga: mukene (dagaa), maharage, karanga, au rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, ya mayai mawili hapo kwa kijana wa chapati. Chai kavu na andazi moja haijengi kitu.

Shilingi 80,000 za shemeji zibaki kwako kwa sasa. Katikati ya programu, jerikeni zikishakuwa nyepesi, unaweza kumlipa mwezi mmoja utumie chuma chake, kwa masharti yako: siku mbili, mara sita, na asipige makofi. Ni mtu mzuri, ila yeye Jumapili analala.

Anza Jumanne jioni ukishafunga duka, na katoni moja. Jerikeni ya lita 20 iache mpaka wiki ya tatu, hata kama shemeji amesimama mlangoni anacheka.